Printa Tunazo, Seva Hatuna

Wiki ya kukusanya kazi ikifika, chuo chetu kinageuka foleni moja ndefu. Steshenari za getini zinajaa tangu asubuhi, flashi zinapita mkono kwa mkono, na kila anayefika mbele anaulizwa swali lilelile: "Faili lako linaitwaje?" Wakati huohuo, ndani ya majengo yetu kuna printa zimekaa kimya, kila moja imeunganishwa na kompyuta moja ya ofisi moja. Mwenye ofisi akienda kikaoni, printa nayo imeenda kikaoni. Maabara za kompyuta tunazo pia, lakini mashine zake haziwezi kupeana hata ukurasa mmoja bila mtu kutembea na flashi kutoka kiti hadi kiti.

Sasa serikali ya wanafunzi inapanga bajeti, na pendekezo linalosikika zaidi ni kununua printa nyingine kubwa. Mimi nalipinga. Printa ya nne itafungiwa ofisini kama zile tatu. Naomba fedha hizo, tena sehemu yake ndogo tu, zijenge seva ya pamoja ya faili na ya kuchapia: kompyuta moja kuukuu, mfumo wa Unix au jamaa yake Linux, na kikundi cha wanafunzi cha kuisimamia. Nasema haya nikiwa mwanafunzi wa ualimu, si wa kompyuta, na nadhani sisi wa ualimu ndio tunaoihitaji kuliko wote.

Seva yenyewe ni kitu gani?

Neno "seva" linatisha watu bure. Seva ni kompyuta ya kawaida iliyopewa kazi ya kuhudumia kompyuta nyingine. Haihitaji skrini nzuri wala kadi ya michezo. Ile mashine ya mezani yenye RAM ya gigabaiti 2, ambayo Windows mpya imeikataa na sasa inakusanya vumbi stoo, inaweza kubeba Debian bila kulalamika na kuhudumia maabara nzima. Unaiwekea diski mbili zenye nafasi, unaiunganisha kwenye swichi ya maabara kwa waya, halafu unaweka programu mbili. Ya faili inaitwa Samba, ya uchapaji inaitwa CUPS. Zote ni za bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Samba ina historia ambayo kila mwanafunzi angepaswa kuijua. Kompyuta za Windows zinapopeana faili na printa hutumia lugha yao, SMB, ambayo mizizi yake ni kampuni ya IBM katika miaka ya 1980. Unix ilikuwa na njia yake, NFS, iliyotoka kampuni ya Sun mwaka 1984. Pande hizi mbili hazikuelewana. Aliyezipatanisha alikuwa mwanafunzi. Kati ya mwisho wa 1991 na mwanzo wa 1992, Andrew Tridgell, aliyekuwa akisoma shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kule Canberra, alitaka kompyuta yake ya DOS ione diski iliyokuwa kwenye mashine ya Unix. Maelezo ya ndani ya lugha ile hakuwa nayo. Alichofanya ni kusikiliza kompyuta zikizungumza kwenye waya, akachunguza zinaulizana nini na kujibizana nini, kisha akaandika programu inayojibu vivyo hivyo. Baadaye programu ilipohitaji jina jipya, alitafuta katika orodha ya maneno iliyomo ndani ya Unix neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo, na mojawapo ya yaliyotoka ni Samba. Kwa masikio yetu ni kama limekatwa kutoka "sambaza", na kazi yake ndiyo hiyohiyo.

CUPS ilianzishwa na Michael Sweet mwaka 1997 na ikatolewa kwa umma mwaka 1999. Mwaka 2002 Apple waliichukua wakaiweka kwenye kompyuta zao za Mac. Kwa hiyo tusidhani tunazungumzia vitu vya kubahatisha. Hizi ni programu zinazofanya kazi kila siku kwenye maofisi na vyuo duniani, na sisi tunazipita kwa sababu hazina tangazo la biashara.

Hesabu ya mfukoni

Tuje kwenye hela. Chukulia darasa la watu 80. Mhadhiri ametuma madesa ya muhula mzima pamoja na video mbili, jumla megabaiti 300. Kila mmoja akishusha kwa bando lake, darasa limelipia megabaiti 24,000, yaani gigabaiti 24, kwa ajili ya kitu kilekile kimoja. Kukiwa na seva, CR anakishusha mara moja na kukiweka kwenye folda ya darasa. Wengine wanakichukua kupitia waya wa maabara au waifai ya ndani, ambayo haili bando hata kidogo, maana faili halitoki nje ya jengo. Waya wa kawaida wa megabiti 100 kwa sekunde, ukiwa peke yako, unakupa megabaiti 300 kwa karibu nusu dakika. Mkiwa wengi itachukua zaidi, lakini bado ni bure.

Upande wa kuchapa, tuchukulie ukurasa ni shilingi 100. Ripoti ya utafiti ya kurasa 50, ikirudishwa na msimamizi kwa marekebisho mara tatu, ni kurasa 150, yaani shilingi 15,000. Kwa mtu anayesubiri bumu, hiyo ni milo kadhaa. Sehemu kubwa ya kurasa hizo haikuhitaji kuchapwa kabisa. Kama kila mwanafunzi angekuwa na folda yake ndani ya seva, inayosomwa na yeye na msimamizi wake tu, rasimu ya kwanza na ya pili zingesomwa humohumo na maoni yakaandikwa humohumo. Karatasi ingebaki kwa toleo la mwisho.

Na kwa zile kurasa ambazo lazima zichapwe, CUPS inapanga foleni kwa haki. Unatuma kazi ukiwa kwenye kompyuta yoyote ya maabara, na inakaa kwenye diski ya seva mpaka zamu yake ifike. Karatasi zikiisha, kazi inasubiri. Umeme ukikatika, kazi iliyohifadhiwa haifutiki. Msimamizi anaweza kufuta kazi iliyokwama bila kuzima kila kitu, jambo ambalo kwa sasa ndiyo tiba pekee tunayoijua. Anaweza pia kuweka kikomo: tuseme kila mtumiaji kurasa 30 kwa wiki. Kuna printa ambazo haziripoti vizuri idadi ya kurasa, kwa hiyo kikomo hicho kijaribiwe kabla ya kutangazwa. Lakini njia ipo, na ni bora kuliko utaratibu wa sasa ambapo anayemfahamu karani ndiye anayechapa.

Flashi zinatumaliza

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye risiti. Hakuna darasa lisilo na mtu aliyechomeka flashi steshenari akarudi hosteli na kukuta folda zake zote zimegeuka shotikati. Virusi vya aina hiyo huficha folda halisi na kuacha alama za uongo. Ukibofya, unavisambaza kwenye mashine yako mwenyewe. Mwenzetu mmoja mwaka uliopita alipoteza majibu ya hojaji alizozikusanya vijijini kwa wiki tatu. Alirudia kazi kwa nauli yake. Hakuna aliyemwuliza nakala ya pili ilikuwa wapi, kwa sababu sote tunajua jibu: hakuna mahali tulipopewa pa kuiweka.

Seva inatoa mahali hapo. Yule Tridgell wa Samba, akiwa na Paul Mackerras, ndiye pia aliyetutolea rsync mwaka 1996, programu inayonakili folda kwa kuhamisha yale tu yaliyobadilika. Ukiiagiza ifanye kazi kila usiku kutoka diski ya kwanza kwenda ya pili, diski moja ikifa asubuhi, kazi ya jana bado ipo. Mara moja kwa wiki nakala ya tatu ipelekwe jengo lingine, maana mwizi au moto hauchagui diski.

Kwa nini hili ni letu sisi walimu watarajiwa

Wengi wetu tutakwenda mazoezi ya kufundisha, na baadaye kuajiriwa, kwenye shule ambazo intaneti yake ni bando la mwalimu mwenyewe. Kompyuta mara nyingi zipo, nyingine za msaada, zimepangwa vizuri na kufunikwa vitambaa. Kinachokosekana ni mtu wa kuziunganisha. Mwalimu wa kemia ana video nzuri ya jaribio kwenye laptopu yake. Wanafunzi 40 wanaiangalia kwa zamu kwenye kioo kimoja. Mwalimu huyohuyo angejua kuweka seva ndogo, video ingekuwa kwenye kila mashine ya chumba kile bila senti ya bando.

Halafu kuna mitihani. Mwalimu anatunga mtihani kwenye laptopu, anaubeba kwenye flashi, anaupeleka steshenari ya mjini kwa sababu printa ya shule iko ofisi ya mkuu na draiva zake hakuna anayezijua. Faili linabaki kwenye kompyuta ya dukani. Hapo tusishangae mtihani ukifika mtaani kabla ya kufika darasani. Tunawalaumu watoto kwa udanganyifu wakati mlango tumeuacha wazi wenyewe.

Unix ina jibu rahisi la jambo hili, na nadhani ni somo zuri la ualimu pia. Kwa kila faili, Unix inauliza kuhusu watu wa aina tatu: mwenye faili, kikundi chake, na wengine wote. Kwa kila aina unaamua: anaweza kusoma? Anaweza kuandika? Folda ya madesa, walimu wanaandika, wanafunzi wanasoma tu. Hakuna atakayefuta kwa bahati mbaya. Folda ya mitihani, mtaaluma na mtunzi peke yao; wengine hawaoni hata majina ya faili. Ukishayaweka hayo vizuri huhitaji kumwamini kila mtu wala kumshuku kila mtu. Mwalimu aliyekaa miezi sita akisimamia folda za wenzake chuoni atafika shuleni akijua kupanga mambo haya. Hakuna kozi yetu hata moja inayotufundisha hilo.

Hoja za wanaopinga

Nimezungumza na wenzangu wengi kuhusu hili, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza wanasema: "WhatsApp ipo, Google Drive ipo, seva ya nini?" Zipo, na tuendelee kuzitumia. Lakini zinakula bando kila unapozigusa, faili la muhula uliopita unalitafuta kati ya picha za harusi na stika, na simu ikiibiwa mengi yanaondoka nayo. Zaidi ya hapo, hakuna kati ya hizo itakayoifungua printa iliyofungiwa ofisini.

Wa pili wanasema Unix ni ngumu, ni ya watu wa kompyuta. Nami nilidhani hivyo kabla ya kukaa na faili la mipangilio la Samba. Ni maandishi matupu. Unaandika jina la folda, mahali ilipo, nani asome na nani aandike. Ukimaliza, kuna amri ya testparm inayokagua kama umekosea mahali. Na kwa kuwa ni maandishi, unaweza kuyachapa, kuyabandika ukutani, na kumkabidhi mwenzako. Jaribu kumkabidhi mtu mlolongo wa kubofya mara 27. Ugumu uliopo ni wa wiki ya kwanza, kama ugumu wa kuandaa andalio la somo.

Wa tatu wanauliza usalama, na wana haki. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia tundu la Windows katika toleo la zamani la lugha hii ya SMB. Hospitali za Uingereza zilikwama. Mwezi huohuo Samba nayo iligundulika kuwa na tundu lake, likazibwa. Somo ni kwamba seva isiyosasishwa ni hatari, iwe ya bure au ya kulipia. Hivyo masharti yawe wazi: seva ihudumie mtandao wa ndani tu na isionekane kutoka nje, isasishwe kila wiki, toleo la kwanza la SMB libaki limezimwa kama Samba ilivyolizima tangu 2019, na kila mtu awe na jina na nywila yake. Nywila moja ya darasa zima ni sawa na kutokuwa na nywila.

Wa nne wanasema folda ya pamoja itageuka ghala la filamu na vitabu vya wizi. Inaweza. Ndiyo maana folda ya darasa iandikwe na CR na wahadhiri peke yao, na kila mtumiaji awekewe kipimo cha nafasi. Unix inafahamu nani ni mwenye kila faili. Anayejua jina lake liko juu ya alichoweka hufikiri mara mbili.

Wa tano ni hoja inayoniumiza zaidi: wapo wanaoishi kwa foleni yetu. Dada wa steshenari ya geti la nyuma anasomesha watoto wake wawili kwa kuprinti kazi zetu, na ametukopesha wengi wetu wakati bumu limechelewa. Sitaki kumpita kama hayupo. Ila seva yenye kikomo cha kurasa 30 haitamaliza biashara yake. Kufunga vitabu, kutoa kopi, kuchapa za rangi na ripoti nene kutabaki kwake. Tutakachompunguzia ni zile kurasa za rasimu zinazoishia jalalani, na sidhani ni haki kuendelea kuzilipia kwa sababu ya wema wake.

Wa sita wanauliza: mkihitimu, nani ataisimamia? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na miradi mingi ya wanafunzi imefia hapo. Pendekezo langu ni hili. Wasimamizi wawe wanne, wawili wa mwaka wa pili na wawili wa mwaka wa tatu, kutoka vitivo tofauti, ili kila mwaka wawili wabaki. Kuwe na daftari la karatasi, ndiyo, la karatasi, ambamo kila badiliko linaandikwa kwa tarehe: kilichobadilishwa, aliyekibadilisha, na sababu. Nywila kuu iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Na kabla msimamizi hajaondoka, mrithi wake aisimike seva upya kwenye mashine ya majaribio, mwanzo hadi mwisho, kwa kufuata daftari peke yake. Akishindwa, daftari ndilo lenye kasoro, lirekebishwe.

Tunachoomba

Sipendekezi chuo kizima kesho asubuhi. Tuanze na maabara moja, muhula mmoja. Vifaa ni kompyuta moja kutoka stoo, diski mbili, swichi ambayo tayari ipo, kifaa cha kuhifadhi umeme ili seva izime kwa utaratibu, na ruhusa ya kuhamisha printa moja kutoka ofisini hadi maabara. Tupime mambo matatu: kurasa zilizochapwa, faili zilizopotea, na saa ambazo seva haikupatikana. Muhula ukiisha, takwimu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo hata kama ni za aibu. Zikiwa mbaya, nunueni hiyo printa, nami nitanyamaza.

Kuna kisa kingine cha printa ambacho wasomaji wa mambo ya kompyuta wanakifahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya MIT kule Marekani. Maabara ilipata printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Alitaka kuongeza maelekezo ya kuwajulisha watu inapokwama, kama walivyofanya kwenye printa ya awali, lakini safari hii alinyimwa msimbo wa programu yake. Stallman mwenyewe hukitaja kisa hicho anapoeleza kilichomsukuma kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na vipande vya mradi huo vimo ndani ya karibu kila Linux inayotumika kwenye seva leo. Naye Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21 alipotangaza Linux mwaka 1991. Vyombo hivi vimetengenezwa na watu wa rika letu, wengine wakiwa vyuoni kama sisi, na wameviacha wazi ili tuvitumie.

Kikao cha bajeti kinakuja, na wabunge wetu wa hosteli na vitivo ndio watakaopiga kura. Kabla hawajaingia ukumbini, mkamate wa kwako umwulize jambo moja: printa tatu tulizonazo, nani anaruhusiwa kuzitumia, na kwa nini si wewe? Akikosa jibu, mpe gazeti hili.